Trela ipi itavutwa salama na pikapu yangu kutoka Ruai hadi Kamulu?

Msomaji mmoja wa Ruai ameniandikia hivi: "Mhandisi, nina pikapu ya Toyota Hilux ya milango minne, ya dizeli, ya mwaka 2014. Nafuga ng'ombe watano wa maziwa kwenye shamba dogo huko Kamulu, na kila wiki hupeleka maji kwa tangi la lita 1,000, marobota ya nyasi na magunia ya chakula cha ng'ombe. Mara mojamoja nitahitaji kubeba mawe ya kujengea. Nimeonyeshwa trela mbili zilizotumika: moja ya tairi mbili, sakafu yake futi nane kwa tano, ambayo muuzaji anasema hubeba tani mbili, nyingine ya tairi nne, futi kumi kwa tano, ambayo anasema hubeba tani tatu. Nimekutumia picha na vipimo vya vyuma. Ninunue ipi? Jirani yangu hupakia tani mbili kwenye trela kama hiyo ya kwanza na hajapata shida."

Ndugu yangu, nashukuru kwamba umeuliza kabla ya kulipa, kwa sababu barua nyingi ninazopata kuhusu trela huja baada ya ekseli kupinda au tairi kupasuka. Nimezitazama picha zako kwa makini, na kwa jinsi zilivyo sasa nisingekushauri ununue yoyote kati ya hizo mbili. Ya kwanza haina nguvu ya kubeba tangi lako la maji. Ya pili ina nguvu hiyo, lakini haina breki, na kwa pikapu yako jambo hilo peke yake linaifanya isifae. Nitakuonyesha hesabu yenyewe ili uweze kuirudia mbele ya muuzaji yeyote.

Tuanze na mzigo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hivyo tangi lako la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, na plastiki yake inaongeza kama kilo 30. Magunia 15 ya chakula cha ng'ombe, ya kilo 70 kila moja, ni kilo 1,050. Robota la nyasi kavu linalofungwa kwa mashine huku kwetu huwa na kilo kati ya 12 na 18, basi marobota 40 hayafiki kilo 750 hata yakiwa mazito, ingawa yatapanda hadi kimo cha kifua cha mtu juu ya sakafu ya trela. Mawe ndiyo hudanganya macho. Chukua jiwe moja la inchi tisa kwa tisa kutoka machimbo ya Ndarugo, ulipime kwenye mizani ya magunia. Likiwa na kilo 35, basi mawe 30, ambayo hayatoshi hata kufunika sakafu ya futi nane kwa tano kwa safu moja, yamekwisha kuzidi tani. Na mtu akijaza mchanga mkavu kwenye sakafu hiyohiyo hadi ukingo wa sentimita 40, amepakia zaidi ya tani mbili na robo huku trela ikionekana kama sinia lenye kina kifupi. Ndiyo maana sipendi kusikia trela ikiuzwa kwa futi. Futi zinakueleza ni marobota mangapi yatakaa. Hazikuelezi lolote kuhusu maji wala mawe.

Kwa hiyo mzigo wako mzito wa kawaida ni kama kilo 1,050. Sasa lazima utofautishe uzito wa aina tatu ambao wauzaji wengi huuchanganya, baadhi yao bila nia mbaya. Upo uzito mtupu, yaani trela yenyewe bila kitu ndani. Upo uzito wa jumla unaoruhusiwa, ambao ni trela pamoja na kila kilichomo. Na uzito wa mzigo ni kile kinachobaki ukitoa wa kwanza kutoka kwa wa pili. Muuzaji anaposema "tani mbili", muulize kama anazungumzia uzito wa jumla au mzigo, kisha umuulize nani alipima. Trela iliyotoka kiwandani huwa na kibati kilichoandikwa uzito wa jumla. Zile zinazotengenezwa na mafundi wetu, na ninaziheshimu sana kwa sababu nyingine ni imara kuliko za kuagizwa, mara nyingi hazina kibati chochote, hivyo uwezo wake ni sharti utafutwe katika viungo vyake kimoja kimoja: tairi, rimu, habu (kitovu cha gurudumu) na beringi, ekseli, springi, mkono wa kuvutia, na goroli ya nyuma ya gari, yaani kile kichwa cha chuma cha mviringo ambacho trela hufungwa juu yake. Uwezo wa trela nzima ni ule wa kiungo chenye uwezo mdogo kuliko vyote.

Tairi ndiyo rahisi kusoma kwa sababu imeandikwa. Kwenye picha yako ya trela ya kwanza naona maandishi 185/70R14 na mbele yake 88. Hiyo 88 ni namba ya uwezo wa kubeba, na katika jedwali la kimataifa la tairi maana yake ni kilo 560. Tairi mbili ni kilo 1,120, na hapo ni uzito wa jumla unaokanyaga barabara, chuma cha trela kikiwa kimehesabiwa ndani yake. Kutokana na vipimo vya fremu na bati nene la sakafu ulivyonitumia, nakadiria trela hiyo ikiwa tupu haipungui kilo 380. Toa hizo, unabaki na kilo 740 za mzigo. Tani mbili alizozitaja muuzaji zimekwisha kuwa robo tatu ya tani kabla hatujaichunguza hata ekseli, ambayo naona ilitolewa kwenye gari dogo la abiria. Tangi lako la maji likipandishwa hapo, jumla inafika kilo 1,410. Hata nikiondoa sehemu ambayo pikapu itaibeba kupitia goroli, kama kilo 140, tairi zitakuwa zimebeba kilo 150 zaidi ya kipimo chao.

Hapo ndipo linapokuja suala la jirani yako, na nalichukulia kwa uzito kwa sababu ushahidi wa jirani una nguvu kuliko hesabu ya mtu usiyemwona. Sina shaka kwamba anasema kweli. Lakini chuma huchoka. Chukua kipande cha waya wa kufungia nondo, ukikunje mara moja: hakikatiki. Ukikikunja na kukinyoosha mara nyingi mahali palepale, kitakatika, ingawa nguvu uliyotumia mara ya mwisho si kubwa kuliko ya mara ya kwanza. Ekseli na mkono wa trela hupata mikunjo midogo ya namna hiyo kwenye kila shimo na kila tuta, na kila mzigo unaozidi kipimo huufanya kila mkunjo kuwa mkubwa zaidi. Tairi nayo ikizidiwa hubonyea zaidi kila inapozunguka, hupata joto ndani ya mpira, na hupasuka siku ya jua kali barabarani, si siku ilipopakiwa. Jirani yako hajapata shida bado, na naomba asipate. Ukiweza, msomee hesabu hii.

Mwaka fulani niliitwa karakana moja ya Kariobangi kukagua trela iliyokuwa imepakwa rangi mpya ya kijani ili iuzwe. Nilipiga magoti pale mkono wa kuvutia unapoingia chini ya ukingo wa mbele wa fremu, nikapangusa vumbi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na nikaona mstari wa kutu mwembamba kama unywele ukipita juu ya bomba la chuma, sambamba na mchomeleo. Nilimwomba kijana mmoja asimame kwenye ncha ya nyuma ya trela na ashuke, apande tena ashuke; mstari ule ulifunguka na kujifunga mbele ya macho yangu. Mkono wa trela hukunjwa zaidi mahali hapo kuliko mahali pengine popote, na fundi aliyechomelea kwa kukatiza bomba kutoka ubavu hadi ubavu alikuwa amelidhoofisha palepale lilipohitaji nguvu. Wewe pia upige magoti hapo, kwenye trela zote mbili, na usikubali kuambiwa kwamba ni rangi iliyopasuka.

Trela ya pili. Tairi zake ni 195R14C zenye maandishi 106/104. Namba ya kwanza inahusu tairi inayokaa peke yake kila upande, kama zilivyo hizi, na 106 ni kilo 950. Ya pili inahusu zinazofungwa mbilimbili. Tairi nne ni kilo 3,800, kwa sharti kwamba zimejazwa upepo ulioandikwa ubavuni, ambao kwa tairi hizi za magari ya mizigo ni mwingi kuliko ule wa gari lako la familia. Tazama pia tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi, zinazoonyesha ilitengenezwa lini: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za trela huzeeka zikiwa zimesimama juani, na kashata zake zinaweza kuonekana mpya huku mpira ukiwa umekwisha kukauka. Ekseli zake, kwa unene ule, sioni sababu ya kuzikadiria kuwa chini ya kilo 1,500 kila moja ikiwa fundi alinunua ekseli kamili za trela pamoja na habu zake, na hilo ulithibitishe. Basi jumla ni kilo 3,000, trela tupu nakadiria kilo 650, na mzigo ungeweza kufika kilo 2,350.

Lakini trela haijivuti. Fungua mwongozo wa gari lako utafute uzito wa kuvuta; utakuta namba mbili, moja ya trela yenye breki zake na nyingine ya trela isiyo na breki, na ya pili huwa ndogo mno ikilinganishwa na ya kwanza. Kwa pikapu nyingi za ukubwa wa yako namba hiyo ndogo ni kilo 750. Yangu ni kukuomba uisome katika mwongozo wako mwenyewe, kwa kuwa hutofautiana kwa injini na kwa soko gari lilikokusudiwa, na magari yaliyotumika Japan mara nyingi huja na mwongozo usiotaja kuvuta kabisa. Tukichukua kilo 750, trela hiyo ya kilo 650 ikiwa tupu imekuachia kilo 100: magunia mawili ya saruji, basi.

Mafundi kadhaa watakuambia kwamba Hilux ina nguvu na itaivuta bila kuhema. Ni kweli kwamba itaivuta. Shida iko katika kuisimamisha. Ukikanyaga breki kwenye mteremko uliolowa, trela isiyo na breki haina habari na uamuzi wako. Inaendelea kusukuma sehemu ya nyuma ya pikapu, na ikiwa umekata kona kidogo, inaisukuma kwa pembeni mpaka gari na trela vikunjane. Tena nguvu inayopaswa kuzimwa haikui sawasawa na mwendo: kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 80, inaongezeka kwa zaidi ya robo tatu. Barabara ya Kangundo haina miteremko mikali, lakini siku moja utatumwa nyasi upande wa Naivasha, nawe utaushuka ukingo wa Bonde la Ufa kwa njia ya Mai Mahiu. Usilazimike kujifunza somo hili pale.

Ushauri wangu, basi, ni uagize trela ya ekseli moja, yenye breki, ya uzito wa jumla wa kilo 1,800. Breki zinaweza kuwa za kusukumwa, yaani trela inapoisukuma pikapu, mkono wake unajibana na kuvuta waya wa breki. Hazihitaji umeme na fundi mzuri anaweza kuzirekebisha. Tairi ziwe 195R14C za 106, ambazo zikiwa mbili ni kilo 1,900. Trela tupu ikidhibitiwa isizidi kilo 450, unabaki na kilo 1,350 za mzigo. Tangi lako na trela vitafika kama kilo 1,480, ambazo ni zaidi kidogo ya asilimia 80 ya kipimo, na hiyo moja ya tano inayobaki mimi huihesabu kuwa ni ya mashimo na matuta, wala si nafasi ya kuongezea mzigo.

Tairi nne si mbaya, na zina faida moja kubwa, kwamba tairi ikipasuka trela hubaki imesimama. Lakini kwenye udongo mweusi wa Kamulu, unapokata kona finyu kuingia langoni, tairi za ekseli mbili huburutana kwa pembeni na kuliwa, na huwezi kuisukuma trela hiyo kwa mkono hata ikiwa tupu. Kwa mzigo wa tani moja, uzito wa ekseli ya pili ni mzigo unaoulipia dizeli bila kuuhitaji. Kwa mawe, panga safari za mawe 30, au kodi lori dogo siku hiyo.

Kuhusu sakafu, ujadiliane na fundi kabla hajakata chuma. Bati lenye michirizi la milimita 3 lina kama kilo 25 kwa kila mita ya mraba, na sakafu ya futi nane kwa tano ni mita za mraba 3.7, hivyo ni zaidi ya kilo 90. Mbao za plaiwudi zisizoingia maji, za milimita 18, ni kama kilo 11 kwa mita, jumla kilo 41. Tofauti hiyo ni madumu mawili na nusu ya maji ya lita 20 katika kila safari. Kwa kuwa mawe utayabeba kwa nadra, mimi ningechagua plaiwudi na kuitandikia bati jembamba mahali mawe yanapotupwa.

Sasa jambo ambalo wengi hulipuuza: uzito unaolalia goroli. Uwe karibu moja ya kumi ya uzito wa jumla wa trela. Kwako ni kama kilo 150. Ukiwa mdogo mno, kwa sababu mzigo umerudi nyuma ya ekseli, trela huanza kuyumba kulia na kushoto, na kila yumbo huwa kubwa kuliko lililotangulia. Ukiwa mkubwa mno, pikapu inakalia nyuma na usukani unakuwa mwepesi. Unaweza kuupanga kwa sentimita. Kama kutoka goroli hadi ekseli ni mita 2.5, tangi la kilo 1,030 likiwa limekaa katikati juu ya ekseli haliongezi kitu kwenye goroli. Ukilisogeza mbele kwa sentimita 25 tu, linaongeza kilo 103. Kupima, weka mizani ya bafuni kwenye ardhi tambarare, simamisha gogo juu yake, na uteremshe mkono wa trela juu ya gogo ukiwa katika kimo chake cha kawaida. Mizani ikiwa haifiki kilo hizo, laza ubao imara, ncha moja juu ya kipande cha bomba na nyingine juu ya mizani, bomba likiwa na kimo sawa na mizani. Mkono wa trela ukikanyaga theluthi moja kutoka kwenye bomba, zidisha unachosoma mara tatu, baada ya kutoa kile mizani ilichosoma ubao ukiwa peke yake. Kumbuka kwamba kilo hizo 150 pikapu inazibeba, hivyo zihesabu pamoja na abiria na chochote ulichoweka nyuma yake.

Maji yana tabia yake. Tangi lililojaa kabisa hutulia. Lililofika nusu hupeleka mawimbi mbele unapofunga breki na pembeni unapokata kona. Lijaze au lisafirishe tupu, na uchague tangi pana la kimo kifupi badala ya lile refu, lifungwe kwa mikanda minne inayovuta kila mmoja upande wake, huku vipande vya chuma cha pembe vimechomelewa sakafuni kulizuia miguuni. Ng'ombe hukuuliza habari zake, lakini siku ukimbeba, kumbuka kwamba Friesian mzima huzidi kilo 500, uzito wake uko juu, naye husogea anapotaka.

Trela ikimalizika, ipeleke tupu kwenye mizani ya magari. Baadhi ya wanunuzi wa vyuma chakavu na wenye vinu wanazo, nao hupima kwa ada. Namba utakayopata iandike kwenye kibati na ukipigilie misumari ya ripiti kwenye fremu, pamoja na uzito wa jumla. Kwa sheria trela husajiliwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na kupewa namba yake yenyewe inayoanza na Z, na bima yako ijue kwamba unavuta.

Safari ya kwanza ifanye ukiwa na tangi limejaa, asubuhi, magari yakiwa machache. Ukienda kilomita chache, egesha mahali tambarare, kaza nati za rimu zote kwa spana, kisha weka mgongo wa kiganja juu ya kila habu. Ikiwa na uvuguvugu unaoweza kuuvumilia bila kuondoa mkono, na pande zote mbili zikilingana, endelea hadi Kamulu. Upande mmoja ukikuunguza, beringi imekazwa mno, haina grisi au breki inashika. Mwaga maji shambani kwa mtu wa karibu na urudi kwa fundi na trela ikiwa tupu.